Mahindi ya Débora na Giza Langu

Kamina, Jumatatu 7 Oktoba 2024

Daftari hili alinipa Débora, mtoto wa marehemu dada yangu, niandike humo joto la chumba asubuhi na jioni. Namba mbili kwa siku! Mimi Kisimba, niliyepiga picha miaka ishirini na sita, niliyepiga makoloneli wa base ya jeshi pamoja na wake zao na mbuzi zao, napewa kurasa mia niandike namba mbili. Sawa, namba nitaandika. Nafasi inayobaki ni yangu.

Kwanza ijulikane chumba chenyewe. Nyuma ya studio yangu kuna chumba cheusi, njo kile, ndicho nilichosafishia filamu. Mlango, halafu pazia, halafu hatua mbili, halafu pazia la pili. Humo ndani paka aliingia siku moja akasahau kama ana mkia. Picha ya koloneli mmoja niliyoisafisha humo ilifika kwa mkewe kule Kisangani, mke akaiwekea sahani ya ugali siku tatu. Siku hizi kila mtu ana simu yenye jicho, na chumba kimekaa bure. Ndaya mke wangu anaweka humo beseni zake.

Leo Débora alifika na mfuko wa mahindi. Mimi mjomba wake ananiita Tonton, kwa Kifaransa.

«Tonton, munakumbuka mulisema nini siku ya Pasaka?»

«Nilisema mambo mingi.»

«Mulisema giza yenu, hata Lubumbashi haiko.»

«Hata Bulaya haiko.»

«Basi munikopeshe. Siku kumi.»

Watu wameniomba baiskeli, wameniomba koti la harusi. Giza, ni mara ya kwanza. Nilikubali kabla hajamaliza kusema.

Anasoma kilimo pale chuo, na kazi ya kumaliza masomo njo hii. Jani la mahindi limejaa vyumba vidogo visivyoonekana. Ndani ya kila chumba kuna punje, na ndani ya punje kuna tando nyembamba, utando juu ya utando, ambazo zinakamata jua na kulifanya chakula. Mahindi yakiota gizani, tando haziko, jani linakuwa la njano. Ukiyatoa kwenye mwanga, tando zinaundwa kwa saa chache. Débora anataka kukamata hizo saa: zinaanza namna gani, zinatoka wapi. Atakata vipande vya jani saa kwa saa, atavitia ndani ya dawa inayosimamisha kila kitu pale kilipo, na Profesa Gamaliel atavipeleka ng'ambo kwenye mashine kubwa ya kuonea vitu vidogo. Dawa inatosha mara moja tu. Profesa anaondoka tarehe 30 Novemba.

Halafu sheria zikaanza. Hakuna kuingia. Joto nisome kati ya pazia mbili, hapo alipotundika kipimo. Kumwagilia ni yeye, na kwa taa moja tu, tochi aliyoifunga plastiki ya kijani.

Ya kijani! Nilicheka mpaka Ndaya akaja kuangalia.


8 Oktoba

Amepanda. Joto 24, 25.


9 Oktoba

24, 25. Mvua.


11 Oktoba

25, 26. Mvua ya mawe. Ndaya amegonga mlango wa studio, anataka beseni kubwa iliyobaki mle ndani. Nikamwambia beseni iko kazini kwa sayansi.

«Sayansi itaniuzia Thomson?» Thomson ni yule samaki wa barafu anayemuuza sokoni. Akaenda na kikapu, akinung'unika mpaka kona ya barabara.


12 Oktoba

25, 25. Leo niliingia.

Mvua ilipiga bati usiku mzima na mlinzi asiyeona anacholinda ni mlinzi wa bure. Tena sikuingia kama mshamba. Niliingia na taa yangu nyekundu ya kazi, ile niliyoitia betri. Kila fotografe anajua: karatasi ya picha haioni nyekundu. Kwa karatasi, nyekundu ni giza lenye rangi. Taa ya kijani ya Débora njo ingenichomea karatasi zote. Mtoto amefundishwa kinyume, lakini sikumwambia, nisimwaibishe.

Mahindi yamefika urefu wa kidole gumba. Ya njano, yamepinda vichwa kama watu wa kwaya wanaotafuta ukurasa. Nilisimama humo mpaka miguu ikaanza kuota mizizi.


13 Oktoba, Jumapili

25, 26. Niliingia baada ya ibada.


15 Oktoba

26, 26. Niliingia asubuhi na jioni. Hakuna hata tone lililovuja. Bati nililoliweka mwenyewe mwaka ule upepo ulipobeba paa la jirani mpaka Kabondo-Dianda na kuku juu yake.


18 Oktoba, Ijumaa

Mambo yameharibika, na kila mtu ananiangalia mimi.

Débora alikuja alfajiri kuanza kazi yake. Saa ya sifuri, anavyoiita, kabla ya mwanga kugusa kitu. Alikata jani moja kwa taa yake ya kijani, akalisaga ndani ya alkoli ya farmasi, akatoka na glasi na kuiinua dirishani. Ilitakiwa iwe kama chai isiyokolea. Ilikuwa kama maji ya sombe, yale majani ya muhogo.

«Tonton, muntu aliingia.»

«Ndani ya giza yangu? Hata malaika anapiga hodi.»

«Tonton.»

«Mama Lise alikuwa anataka beseni.»

Ndaya, Mama Lise mwenyewe, akapaza sauti kutoka uani: «Nilifika wapi, Baba Lise? Beseni yangu iko mule mpaka leo!»

Débora alitupa miche yote. Kwa kweli sikusema uongo. Kuingia kwangu hakuhesabiki. Askari wa benki akiingia benki, nani atamwita mwizi?

Nilitafuta mchana kutwa, nikapata. Ukuta wa upande wa Kalunga una ufa mwembamba kama unywele. Na Kalunga, mzee wa kanisa letu la Metodiste, anachaji simu za watu kwenye baraza lake, ana balbu ya sola inayotazama ukuta wangu bila haya. Nimeziba ufa kwa udongo, juu ya udongo nikapigilia kitambaa cheusi cha zamani cha kamera.


21 Oktoba

Amepanda mara ya pili. 25, 26.

Safari hii nitalinda kweli.


22 Oktoba

26, 26. Niliingia asubuhi, niliingia saa kumi jioni. Kumkamata mwizi wa mwanga lazima ukae naye chumbani. Nimegeuza beseni ya Ndaya nikaikalia.


24 Oktoba

25, 25. Mara mbili. Mvua.


26 Oktoba

Mara mbili. Ndaya anauliza nafanya nini humo. Nalinda. Anauliza ni kulinda gani huko kwa kuimba. Sikujua kama naimba.


29 Oktoba

26, 25. Mara tatu. Nimesikiliza ukuta wa Kalunga mpaka nikasikia mawazo yake. Mwanga hauna sauti, ndiyo shida yake.


31 Oktoba, Alhamisi

Mbaya kuliko mara ya kwanza. Hata alkoli haikuhitajika. Débora aliwasha ile tochi yake, akaangalia, akazima. Akatoka, akakaa kwenye kiti cha wateja, kile cha kupigia picha, mikono juu ya magoti. Nimeona watu elfu kumi kwenye kiti kile. Nilitaka kumwambia ainue kidevu.

«Sielewi, Tonton,» akasema. «Sielewi kabisa.»

Mimi naelewa. Kalunga.


1 Novemba

Nilimkuta barazani, simu thelathini mbele yake kama vifaranga.

«Papa Kalunga, zima ile balbu.»

«Juu ya nini?»

«Inaiba giza yangu.»

Akaweka chini miwani. Watu wa simu wakakaribia. «Muliisikia, bandugu? Fotografe anaibiwa giza! Ulikuwa nayo kilo ngapi?»

«Mutoto wangu anafanya sayansi mule!»

«Sayansi gani inafungia mahindi ndani ya giza, yakiwa majimaji? Mama yangu alifanyaka vile, kabla hajaokoka. Inaitwa kimea. Inapikiwa lutuku.»

Kila mtu akacheka. Lutuku! Pombe ya mtungi, ndani ya nyumba yangu, mimi ninayepitisha kapu la sadaka kila Jumapili ya kwanza ya mwezi! Nilimwambia mambo ambayo hayafai kuandikwa. Nilimwambia pia kwamba picha ya ndoa yake niliipiga mara nne kwa sababu ya uso wake.


3 Novemba, Jumapili

Kapu la sadaka amepewa mtu mwingine, «kwa leo tu». Mvua kwenye mabati ya kanisa ilificha mahubiri yote. Afadhali.


8 Novemba

Débora ameacha kuja kila siku. Leo alipita kuchukua ndoo yake. Amepima kila kitu: maji, mbegu, dawa. Anadhani chumba chenyewe kinavuja mwanga fasi asiyoiona, na hawezi kutia dawa yake ya mara moja kwenye jani asiloliamini. Atamwandikia Profesa Gamaliel kwamba ameshindwa. Kazi nyingine, mwaka mwingine.

Ana miaka ishirini na tano. Katika nyumba ya dada yangu hakuna aliyewahi kufika pale alipofika. Dada yangu mwenyewe alitoka shule darasa la sita ili mimi niendelee, nami nikafika la pili la sekondari nikakimbilia kamera.

«Usiandike bado,» nikamwambia. «Nipe siku mbili tatu.»

«Mutafanya nini, Tonton?»

Nikajibu kwamba nimewahi kukamata mamba kwa kamba ya kamera. Hakucheka.


11 Novemba, Jumatatu

Naandika polepole leo.

Débora alipita kwetu kula. Tukiwa mezani nikamwomba anieleze vizuri huyu mwizi anaiba nini hasa. Akachukua daftari hili hili, akachora ukurasa wa nyuma. Mchoro bado upo: duara, na katikati fundo kama sega la nyuki.

«Hii iko punje ndani ya jani, ikiwa gizani. Bantu banawaza gizani inalala. Hailali, Tonton. Inakusanya mafuta, inatengeneza mirija midogomidogo, inaifunga pamoja, kwa mupango muzuri kabisa. Sawa wavu ya bavuvi ba Mulongo, vile banaikunjaka ndani ya bwato.»

«Wavu ya kutengeneza nini?»

«Njo tando zenyewe, kabla hazijafunguka. Na rangi ya kijani nayo iko pale, karibu kuisha. Inabakia kazi moja ya mwisho. Kuna fundi mudogo anashika ile rangi mukononi, ana kila kitu, lakini hawezi kumaliza mpaka mwanga umupige. Ukimupiga tu, anamaliza, fundo inaanza kufunguka, mirija inakuwa shuka, shuka zinapandana moja juu ya ingine.»

«Sawa sahani za Mama Lise.»

«Sawa sahani. Njo pale jani linaanza kula jua.»

Ndaya akasema basi hata jani linaosha vyombo kabla ya kula, kuna wanaume hawawezi. Tukacheka. Nilikuwa na furaha, naiandika ijulikane. Nilikuwa nafuata kila kitu. Mimi na huyo fundi tulikuwa tunafanya kazi moja, picha iliyofichwa gizani ikingojea.

«Na mwanga kiasi gani?»

«Kidogo. Kuanzisha tu, hata dakika moja.»

«Wa rangi gani?» Nikauliza kama fotografe, mtu anayejua rangi, nikimwonyesha kwamba naweza kuuliza swali la chuo.

«Nyekundu njo inapita yote,» akasema, anakamua limau kwenye samaki. «Ile kijani, jani linairudisha mingi, njo juu ya ile tunaliona kijani. Njo maana nilifunga tochi yangu plastiki ya kijani. Muliichekaka, Tonton, munakumbuka?»

Nilikumbuka.

Ndaya aliniangalia. Yeye anajua taa ninayoingia nayo. Mimi nikaangalia samaki. Samaki naye akaniangalia.

Karatasi ya picha na jani la mahindi! Miaka ishirini na sita najua jambo moja duniani kwa hakika, jambo moja ambalo hakuna mwenye diploma anayeweza kunibishia, na ndilo hilo lililomuua Débora mara mbili. Kalunga hakuiba kitu. Ufa haukuiba kitu. Mwizi alikuwa amekaa juu ya beseni, anaimba.


12 Novemba

26, 26. Chumba kitupu, sijui kwa nini napima.


13 Novemba

Mvua.


14 Novemba

Mvua. Ndaya amesema neno moja: «Lini?» Nikajifanya naongea na redio.


15 Novemba

Niliandika ukurasa mzima jinsi mtu asiyejulikana alivyoweza kuingia na taa yangu nyekundu. Ilikuwa hadithi nzuri, na mbwa ndani yake. Nimeichana.


17 Novemba, Jumapili

Débora aliimba kwaya. Baada ya ibada aliniambia barua ya Profesa ameshaiandika, ataituma Jumanne. Nilihesabu kwa vidole chini ya Biblia: akipanda tarehe 19, siku kumi zinaisha tarehe 29, Profesa anaondoka tarehe 30. Baada ya hapo hakuna.

Na hatapanda, kwa sababu hajui.


18 Novemba, Jumatatu

Nilimwita studio. Nilipanga kuanza na mambo ya zamani ya base, nifike polepole. Nilianza: «Unajua, Débora, taa ni kitu cha ajabu…» Nikaishia hapo. Nikampa daftari hili.

Alisoma amesimama. Mvua ilikuwa inanyesha, nikahesabu matone kwenye dirisha ili nisimwangalie. Alipofika tarehe 12 Oktoba akavuta pumzi. Alipofika tarehe 11 Novemba akakaa.

«Mulijua tangu Jumatatu ingine.»

«Ndiyo.»

«Juma muzima, Tonton! Minyi ninalia kule chumbani, ninajiuliza niko na kichwa gani, na nyiye mulijua!» Hajawahi kunipigia kelele. Ni mtoto niliyembeba mgongoni kutoka matanga ya mama yake. «Na Papa Kalunga mulimutukana mbele ya bantu!»

«Nilimutukana.»

Kisha akarudi nyuma kwenye kurasa, kidole juu ya mstari.

«Hapa mumeandika ‹mpaka miguu ikaanza kuota mizizi›. Iko dakika ngapi?»

«Mingi.»

«Ngapi?»

«Débora, ile iko namna ya kusema tu…»

«Tonton, musikilize. Kama muliingia dakika mbili, ile haiwezi kufikisha kijani ya namna ile. Basi kuna mwanga mwingine, na kupanda tena iko bure. Kama ilikuwa mingi kweli, basi ilikuwa taa yenu peke yake, na chumba iko muzima. Ninaomba namba. Ya kweli.»

Hakuna mtu aliyewahi kuniomba hivyo. Wananiomba nisimulie. Ninaposema paka alisahau mkia wake, hakuna anayeuliza mkia ulikuwa sentimita ngapi.

Nilifikiri. Saa yangu ya kengele ya kusafishia picha niliitega kila mara, kwa mazoea tu, kama zamani. Naitega dakika arobaini.

«Arobaini,» nikasema. «Asubuhi arobaini, jioni arobaini. Mara ya pili nilianza kesho yake ya kupanda.»

«Arobaini! Mulikuwa munaangalia nini dakika arobaini?»

Hilo nalo lilitaka jibu la kweli, na kinywa kilikuwa tayari kimefunguka. Nikamwambia sikuwa naangalia mahindi. Nilikuwa nakaa tu. Taa nyekundu inawaka, saa inatembea, kuna kitu kwenye trei kinachohitaji mimi ninyamaze. Miaka kumi na moja sijakaa hivyo.

Débora alifunga daftari.

«Basi chumba haina tundu,» akasema, kama anaongea na ukuta. Akachukua taa yangu nyekundu mezani, akaitia ndani ya mfuko wake wa vitabu, akafunga zipu. «Kesho ninapanda. Na nyiye, Tonton, mutaandika namba mbili.»


19 Novemba

25, 25. Amepanda.


20 Novemba

25, 26. Nilienda kwa Kalunga. Nilisema kosa lilikuwa langu, balbu yake haina hatia.

«Sema tena, Fotografe. Hii sikio ya kuume inasumbuaka na mvua.»

Nikasema tena.

«Sasa sema kwa hawa ba mama, hawakusikia.»

Nikasema kwa kina mama. Mtu huyu ana roho ya nyoka. Alinichajia simu.


21 Novemba

25, 25.


23 Novemba

26, 26. Ni vigumu. Hakuna anayejua ni vigumu namna gani kusimama kati ya pazia mbili na kusoma namba, na ile kitu iko hatua mbili mbele inakua bila mimi.


25 Novemba

25, 26.


27 Novemba, Jumatano

26, 25. Siku mbili kabla ya mwisho, na Kalunga akaja na mama wawili wa kanisa, miavuli mikononi. Débora alikuwa chuo.

«Radhi yako nilipokea,» akasema, «lakini ile neno ya kimea, kanisa inataka kuiona na macho. Fungula.»

«Siwezi kufungula. Mwanga ukiingia, mutoto anapoteza mwaka.»

«Unaona!» akawaambia kina mama.

Ndani yangu hadithi tatu zilikuwa zimesimama mlangoni, kila moja nzuri kuliko nyingine. Ningeweza kuwaambia mle kuna nyoka. Ningeweza kuwaambia kuna gesi ya serikali. Nilichoka hata kabla ya kuanza.

«Kwa macho, hapana,» nikasema. «Kwa mikono, ndiyo. Ingieni, muguse.»

Niliwapanga kama nilivyowapanga wateja. Simu zote mezani. Kalunga ana saa ya mkono yenye mishale inayong'aa. Akakataa kuivua, nikamvua mwenyewe. Mlango nikafunga nyuma yetu, tukasimama, pazia la kwanza likashuka, tukasimama tena, ndipo la pili. Hii kazi naijua.

Giza lile ni zito, hilo si hadithi. Nilisikia Kalunga anatafuta ukuta.

«Fotografe? Uko wapi?»

«Mbele yako. Nipe mukono.»

Nikaweka kiganja chake juu ya trei. Akashika, akapapasa. Kimea cha lutuku kinakuwa mkia mfupi tu kwenye punje, kisha kinaanikwa. Hata mtoto wa Metodiste anajua. Haya yalikuwa yamemfikia kiganja kizima, yamesimama.

«Iko marefu,» akasema.

«Iko laini,» akasema mama mmoja. «Sawa sikio ya mutoto muchanga.»

«Inangojea nini?» akauliza mwingine, kwa sauti ya chini kama mtu aliye kwa mgonjwa.

Nikawaambia. Wavu uliokunjwa, fundi mwenye rangi mkononi, shuka, sahani. Sikuongeza kitu. Nami nikanyoosha mkono, nikagusa mara ya kwanza, mimi niliyeyatazama saa nyingi kiasi kile na kuyaharibu.

Dakika tatu, tukatoka. Débora alipokuja nilimwambia: watu wanne, dakika tatu, hakuna mwanga. Aliangalia uso wangu muda mrefu kuliko kipimo cha joto.

«Tatu?»

«Tatu.»

Akaandika.


29 Novemba, Ijumaa

Saa kumi na mbili asubuhi, sifuri. Nilisimama nje ya mlango na glasi ya alkoli mkononi. Débora akapitisha mkono kupitia pazia, akachukua. Nikasikia kinu kidogo kinasaga. Kisha akatoka, akaiinua dirishani.

Njano. Kama chai isiyokolea. Na mimi, ambaye maishani sijawahi kuachia nafasi kama ile ipite, nikaandika neno moja tu: njano.

Akarudi gizani kutia kipande cha sifuri ndani ya dawa, halafu tukatoa trei barazani. Mimi nilishika saa yangu ya kengele. Saa moja, kipande ndani ya dawa. Saa mbili, kipande. Ndaya alileta sanduku lake la Thomson lenye barafu kwa ajili ya vichupa, ameliosha mara tatu, bado lilinuka. Saa tatu mawingu yakafunga, mvua, mwanga ukawa mdogo. Nilitukana mbingu kwa Kiluba. Débora akaandika «mawingu» na saa yake, basi, haikumsumbua. Saa nne, kipande. Hapo majani yalianza kubadilika, si kama rangi inayopakwa, zaidi kama sura inayopanda kwenye karatasi ndani ya maji ya dawa: hakuna, hakuna, hakuna, halafu ilikuwepo na hukuona ilipoanza.

Kalunga alikuja na kiti chake. Kina mama wawili nao. Saa nane, kipande cha mwisho.

Saa tisa na dakika kumi Profesa Gamaliel alibeba sanduku. Akauliza kwa nini linanuka samaki.


22 Februari 2025, Jumamosi

Mvua bado. Nilikuwa nimeacha kuandika, sina namba.

Leo Débora amekuja na bahasha. Picha zimerudi kutoka kwenye ile mashine. Nilijiandaa kuona rangi za ajabu, nikaona nini? Nyeusi na nyeupe! Mashine ya mamilioni huko ng'ambo, na inapiga picha kama Studio Kisimba.

Nikazipanga mezani. Sifuri: punje, na katikati lile fundo, limefumwa safi kama kwenye mchoro wake. Saa ya kwanza: fundo limelegea pembeni. Ya pili: mistari mirefu, shuka zinatoka. Ya nne, ya nane: shuka zimeanza kupandana, hapa mbili, hapa tatu, sahani za Ndaya kabisa. Niliangalia kama ninavyoangalia kazi ya mtu. Vivuli vimekaa vizuri. Hakuna aliyetikisika.

«Atatetea kazi yake mwezi wa tano,» Ndaya akasema, mikono ina magamba ya samaki. «Na beseni yangu?»

Débora akatoa mfukoni taa yangu nyekundu, akaiweka mezani. Kisha akachagua picha moja, ile ya sifuri, akaniachia.

Nimeitia fremu. Iko ukutani kati ya koloneli na ndoa ya Kalunga. Kalunga alipoingia kuniletea simu yangu akasimama mbele ya picha hiyo, akavaa miwani.

«Na hii nayo uliipiga weye?»

«Hapana,» nikamwambia. «Hii ilipigwa, minyi nikiwa inje.»